Ng'ombe wa Baba Kwenye Turubai

Pest, 3 Septemba 1876

Dada yangu Rebeka,

Shikamoo. Mimi ni mzima, nimenenepa kidogo, na kiatu changu kimoja kimeanza kucheka mbele. Mwenye nyumba wangu hapa mjini, Bi Hermina, bado anagomba kila siku kwa sababu ya harufu ya mafuta ninayochanganyia rangi. Juzi alisimama mlangoni na leso puani akaniuliza, "Wewe Gedeon, humu unachora au unakaanga?" Nikamwambia vyote viwili. Akacheka, nikajua mwezi huu sifukuzwi.

Na huko je? Goti lako linaendeleaje? Wale mabibi wa kanisani wameacha kukutafutia mume, au bado wanakuletea majina ya wagane wa kila kijiji? Tangu ufiwe na shemeji wamekufanya kazi yao ya Jumapili. Usiwakasirikie, hawana tamasha jingine.

Sasa nikuambie jambo lenyewe. Nimeanza picha kubwa, turubai pana kuliko mlango wa ghala letu. Ni malisho yetu ya Sárhalom, saa ile ya jioni ng'ombe wakishakunywa kisimani wanarudi majanini, wingu la mvua limesimama nyuma yao na jua bado linawapiga ubavuni. Unaikumbuka saa hiyo? Ardhi iko chini kabisa, kama uzi, na juu yote ni mbingu. Nataka kuipeleka kwenye maonyesho ya majira ya machipuo. Nikikataliwa nitaifanya pazia.

Shida ni kwamba mkono unataka vitu ambavyo kichwa kimesahau. Pembe ya Csákó iliyopinda chini ni ya kulia au ya kushoto? Ule weusi kama moshi wa shingoni mwa Daru unaishia shingoni au unashuka mabegani? Na Virág, bado anapumzisha mguu mmoja wa nyuma kama mwanamke anayemsubiri mwenzake sokoni?

Ningemwuliza Baba, lakini unajua tulivyoachana. Maneno yake ya mwisho kwangu ni yale ya pale langoni: "Nenda ukapake rangi. Ng'ombe watachungwa na wenye miguu." Msalimie hata hivyo. Asipozipokea salamu, wape mbwa.

Mdogo wako,
Gedeon


Sárhalom, 19 Septemba 1876

Gedeon mdogo wangu,

Marahaba, na kiatu hicho kipeleke kwa fundi kabla hakijakucheka wewe. Goti langu linauma mvua ikikaribia na linaniacha ikishanyesha, kwa hiyo kijiji kizima sasa kinaniuliza mimi hali ya hewa. Mabibi hawajaacha. Wiki iliyopita waliniletea habari za Ábris wa kinu cha upepo. Nikawaambia Ábris ni mtu mzuri ila anakoroma mpaka kinu kinageuka bila upepo. Wameniacha kidogo.

Tumeshavuna mtama. Bata mmoja mkubwa tumemwekea chumvi kwa ajili yako, ukija.

Haya, ng'ombe. Miaka yote ile ulikuwa unalala ubavuni mwao kupata joto, leo unaniuliza pembe! Nilimsomea Baba barua yako. Alikuwa ananoa kisu. Nilipofika kwa Csákó akasema, "Ana macho, mwambie aje aangalie." Akaendelea kunoa. Baadaye, alipokuwa anatoka, alisimama mlangoni akasema bila kugeuka, "Ya kushoto." Hiyo si salamu, lakini ndiyo niliyopewa nikuletee.

Moshi wa Daru unashuka hadi mabegani na umeongezeka weusi mwaka huu. Virág bado yuko sokoni anamsubiri mwenzake.

Ng'ambo ya mto Tisza wanasema sotoka imeingia, inafyeka ng'ombe kundi kwa kundi. Baba amelipeleka kundi kisima cha mbali na wachuuzi wa ng'ombe anawafukuza kwa mbwa. Usitie wasiwasi, unamjua.

Dada yako,
Rebeka


Pest, 8 Oktoba 1876

Dada,

Shikamoo. Nimefurahi mno kuipata pembe ya kushoto. Nilikuwa nimeiweka kulia, nikaifuta siku hiyohiyo. Kiatu kimeshonwa. Bi Hermina ana mafua na kwa hiyo hasikii harufu yoyote, Mungu ampe nafuu polepole.

Watu wa hapa wanasema ng'ombe wetu ni weupe. Nimemaliza rangi nyeupe yote niliyokuwa nayo ndipo nikagundua kwamba weupe haupo. Kuna buluu chini ya tumbo, kuna waridi ndani ya masikio, kuna kitu kama majivu ya jana kwenye mgongo, na pale jua linapogusa ni njano ya siagi. Nikikaa mbele ya turubai asubuhi, nawasikia wakipumua.

Nijibu upesi haya: kengele ya Csákó inaning'inia kwa mkanda au kwa kamba? Na ndama wa mwaka huu bado ni wekundu au wameanza kuwa kijivu?

Wa kwako,
Gedeon


Pest, 12 Novemba 1876

Dada,

Shikamoo. Sijapata neno kutoka kwako tangu Septemba. Labda barua imepotea njiani, labda goti. Nimemwuliza mtu wa posta mpaka ananikimbia. Andika hata mstari mmoja.

Gedeon


Sárhalom, 26 Novemba 1876

Mdogo wangu Gedeon,

Marahaba. Nisamehe ukimya. Barabara zilikuwa hazipitiki, unajua matope yetu, hata gari la posta halikuja kwa muda mrefu. Hapa nyumbani tu wazima. Mimi nimepungua kidogo na vazi langu la kanisani limenipwaya, nimelibana kwa pini. Baba anakusalimu sana na anakuombea mema katika kazi yako.

Baridi imewahi. Tunajifungia ndani, jiko tunaliwasha kwa matete na mabua ya mahindi, na unajua yanavyoungua: ukigeuka kuchukua chungu, moto umekwisha. Nimekuwa mtumwa wa jiko.

Kengele ya Csákó ilikuwa kwenye mkanda wa ngozi. Ndama walikuwa wameanza kugeuka kijivu kwenye pua na magotini. Nadhani hayo yanakutosha kumaliza.

Ule vizuri. Usilale na dirisha wazi.

Rebeka


Pest, 10 Desemba 1876

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Asante kwa barua. Nimeisoma, nikaiweka mezani, nikaisoma tena. Nimekununulia kitambaa cha sufu cha rangi ya bluu na Bi Hermina ameongeza kahawa ndani ya furushi, anasema ni ya goti. Usiniulize kahawa inaponyaje goti.

Namshukuru Baba kwa salamu zake.

Picha haijamalizika. Kuna mengi siyajui, na haya wewe usiyajibu, dada, hata kama unayajua. Ni ya Baba. Msomee polepole, umwache afikiri.

Kwanza, kundi likitoka kisimani, nani anatangulia na nani hukubali kutanguliwa? Nakumbuka kulikuwa na heshima fulani kati yao, kama wazee wanaoingia kanisani. Pili, Virág alitoka wapi? Sikuwahi kuuliza. Nilimkuta tu siku moja yupo. Tatu, wakisikia radi wanageukia wapi?

Mwambie sina haraka. Akitaka kujibu moja leo na jingine wiki ijayo, nitangoja.

Krismasi njema. Mkae karibu na jiko.

Gedeon


Sárhalom, 6 Januari 1877

Gedeon,

Marahaba, na heri ya mwaka mpya. Kitambaa nimekivaa kanisani na mabibi walikishika mmoja baada ya mwingine kama wananunua. Kahawa tumekunywa. Goti halijasikia, lakini mimi nimechangamka.

Nataka kukusimulia Jumapili iliyopita, maana nimekuwa nikiibeba kichwani wiki nzima.

Sikuwa nimekuandikia, lakini Baba alikuwa amenyamaza. Tangu vuli alikuwa hasemi. Anakula nikimwekea, anavaa nikimpa, anakwenda mpaka langoni, anasimama, anarudi. Ukimwuliza jambo anakuangalia kama mtu aliyeamshwa. Nilidhani ni uzee unaingia. Basi Jumapili baada ya kanisa nikamsomea maswali yako. Nikaanza kukunja karatasi.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

"Huyu mtoto hajui anachouliza," akasema. "Anasema nani anatangulia. Wapi? Asubuhi au jioni?"

Nikamwambia jioni, umeandika jioni.

"Jioni ni Daru. Asubuhi ni Csákó. Daru asubuhi ni mvivu, humwoni mpaka jua lipande. Andika."

Nikachukua kalamu. Gedeon, alisema mpaka supu ikapoa, akaila imepoa na bado anasema! Wakisikia radi wanaigeuzia mgongo, wakubwa nje, ndama katikati, na hakuna anayewafundisha. Na Virág alizaliwa njiani, wakati Baba anarudi kutoka mnada wa Debrecen na ng'ombe aliyemzaa, theluji inapiga. Alimweka ndama ndani ya koti lake la manyoya, mwekundu mbichi vile alivyotoka, na yule mama ng'ombe akamfuata nyuma akimlamba Baba mgongoni mpaka nyumbani. Ulikuwa mwaka wa mwisho wa Mama. Mama alikuwa kitandani, akasikia kelele, akasema, "Dániel, umeleta nini?" Baba akasema ndama. "Mlete nimwone." Akamwingiza chumbani na matope yake yote. Mama akamshika pua, akasema, "Wakati huu wa mwaka hakuna ua hata moja uwandani. Huyu ndiye ua." Ndipo akaitwa Virág, yaani ua.

Mimi nilikuwa nimeolewa kijiji kingine wakati ule, sikulijua. Wewe ulikuwa shuleni.

Baba alipomaliza akaniuliza, "Hana jingine?"

Kwa hiyo andika. Kama una maswali mengine, andika.

Rebeka


Pest, 28 Januari 1877

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama ngazini, Bi Hermina akanikuta na kuniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, kuna ndama amezaliwa. Ameniamuru nipumzike.

Sikujua habari ya Mama na ndama. Nimeishi na ng'ombe yule miaka yote hiyo nikidhani ni ng'ombe tu.

Maswali ninayo. Yule fahali aliyepita mbele ya mchungaji wa kanisa na kofia yake kwenye pembe, ilikuwaje hasa? Nakumbuka kicheko tu. Kile kisima cha mbali kilichimbwa na nani, na kwa nini mti wake wa kuinulia ndoo umeinamia mashariki? Na babu alipokuja Sárhalom mara ya kwanza, alikuja na ng'ombe wangapi, au alikuja mikono mitupu?

Utaniambia babu na picha wapi na wapi. Mwambie Baba mchoraji anataka kujua majani yamekanyagwa na nani kabla hajayachora. Atasema mimi ni mpumbavu. Andika matusi yote atakayonitukana, usipunguze hata neno.

Gedeon


Sárhalom, 18 Februari 1877

Gedeon mdogo wangu,

Marahaba. Barafu inaanza kulegea kwenye mifereji. Kuku wameanza kutaga. Mimi ni mzima. Majibu ya Baba yamo kwenye karatasi ya pili, na matusi yako pia, ni mengi na mazuri. Ya fahali na mchungaji wa kanisa ilibidi niyaandike huku nikijifuta machozi ya kucheka. Lakini nimeiweka karatasi hiyo nyuma ili usome hii kwanza.

Jana, alipokwisha kusema habari ya babu, Baba alinyoosha miguu kwenye jiko akaniambia, "Sasa mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Rebeka, usinifanye mtoto. Mwambie hawapo."

Hawapo, Gedeon. Hakuna hata mmoja.

Ilikuwa Oktoba. Daru ndiye aliyeanza, machozi yakimtoka na pua imejaa, akaacha kucheua. Baba aliona siku hiyohiyo, akaenda mwenyewe kutoa taarifa. Ungejua watu wangapi walimwambia afiche. Akasema akificha, sotoka itahamia kwa jirani. Wakaja watu wa serikali na askari, wakafunga njia za kijiji, ndiyo sababu posta haikufika, si matope. Amri ilikuwa kundi lote, hata wazima. Shimo lilichimbwa kule mwisho wa malisho, na magari ya chokaa yakaja.

Ofisa wao alikuwa kijana, uso mweupe kama karatasi, hakujua waanzie wapi. Askari wakaanza kuwaswaga na ng'ombe wakatawanyika uwanda mzima, pembe zinapishana, vurugu. Baba akamwendea akamwambia, "Waondoe watu wako. Mkiwafukuza hamtawapata leo wala kesho, na watateseka. Niacheni niwaite."

Akawaita. Unaijua sauti ile. Wakaja, Gedeon. Waliacha kukimbia wakamfuata, Csákó mbele, mpaka pale palipochimbwa. Alisimama nao mpaka mwisho. Alimshika kila mmoja usoni. Mimi nilikuwa kwenye uzio na nilirudi nyumbani kabla ya wengine, sikuweza. Yeye hakuondoka mpaka chokaa ilipomwagwa. Alirudi, akanawa mikono, akakaa, na tangu saa hiyo hakusema tena neno la maana mpaka barua yako ya Desemba.

Zile salamu za Novemba nilizitunga mimi. Hakuzisema. Nilitaka uwe na kitu.

Nilipoona maswali yako yamemfungua mdomo, niliogopa. Niliona ukijua utaacha kuuliza, na ukiacha atanyamaza tena. Kwa hiyo nikawaacha waendelee kula majani kwenye barua. Ukiwa na hasira nami, andika hasira yako, lakini usiache kuandika.

Rebeka


Pest, 27 Februari 1877

Dada yangu,

Shikamoo. Sina hasira hata kidogo.

Nilijua tangu barua yako ya Novemba. Uliandika kwamba mnawasha jiko kwa matete na mabua. Dada, lini nyumbani kwetu tuliwahi kuwasha jiko kwa matete? Tangu nizaliwe ni kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, kimepangwa ukutani mwa zizi hadi darini, na moto wake unakaa kutwa. Nilisoma mstari ule nikaenda kununua magazeti ya wiki zote zilizopita. Jina la Sárhalom lilikuwa ukurasa wa nyuma, kwa herufi ndogo, kati ya vijiji vingine.

Siku ile nilifunika turubai kwa shuka. Nilikaa hivyo wiki nzima. Nilitaka kupanda treni nije, na njia zilikuwa zimeshafunguliwa, kwa hiyo sina kisingizio cha njia. Lakini nilimfikiria Baba. Ningeingia mlangoni, angenitazama mikono, angegeukia dirisha, na sote wawili tungekaa kimya mpaka nirudi zangu. Hatujui kuomboleza pamoja, mimi na yeye. Nikasema, anachokijua Baba ni ng'ombe. Nimwulize ng'ombe.

Kwa hiyo nikaivua shuka nikaendelea. Picha ilikwisha kabla ya yale maswali ya babu na fahali. Hayo niliyauliza kwa sababu uliandika, "Akaniuliza, hana jingine?"

Imekubaliwa. Itatundikwa kwenye maonyesho baada ya Pasaka, ukumbini, kwenye ukuta wenye mwanga mzuri. Mlete Baba kituoni Karcag, umpandishe treni, nitampokea. Akikataa usimlazimishe. Msomee barua hii yote, hata hapa niliposema hatujui kuomboleza.

Gedeon


Pest, 15 Aprili 1877

Dada,

Shikamoo. Amefika salama, amelala kwenye kitanda changu saa hii ya mchana na viatu vyake viko dirishani. Ataondoka Jumanne. Bi Hermina amempenda kuliko anavyonipenda mimi. Amemkaangia nyama akakaa kumtazama anavyokula, na harufu ya mafuta leo hakuisikia.

Kituoni hatukujua tushikane vipi. Alishuka na koti lake la manyoya na kikapu chako, akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu. "Umekonda," akasema. Mimi ninayekwambia nimenenepa! Nikachukua kikapu. Hivyo tu.

Leo asubuhi tulikwenda. Mlangoni bawabu akamwambia, "Koti linaachwa hapa, mzee." Baba akamjibu, "Nikiliacha nitaingia na nini?" Wakabishana kwa adabu mpaka nikaingilia, likaachwa, lakini alilikunja mwenyewe na kumwonyesha bawabu jinsi ya kulishika.

Tulipita kumbi nyingine kwanza. Alitembea mikono nyuma kama yuko mnadani. Kulikuwa na picha kubwa ya mwanamke anayetoka kuoga. Baba akasimama, akaniinamia. "Huyu hana ndugu wa kumpa nguo?" Nikamwambia ndivyo wanavyochora. Akatikisa kichwa akamwonea huruma kwa baridi.

Kisha tukaingia kwenye ukumbi wetu. Sikumwonyesha ni ipi. Hakukuwa na haja, aliiona tangu mlangoni. Akavua kofia.

Dada, alisimama pale muda mrefu hata watu wakaanza kumzunguka. Niliona midomo yake inacheza na nikajua anawaita kwa majina, mmoja mmoja, kuanzia Daru anayetangulia kwenye mwanga, hadi ndama walio nyuma ambao si wote waliokuwa na majina. Alipomfikia Virág akasogea karibu mpaka bawabu mwingine akakohoa. Baadaye akaniuliza, akiwa bado anatazama mbele:

"Mchungaji wao hayupo?"

"Yupo, Baba. Amesimama hapo uliposimama. Wanaonekana wanavyoonekana kutokea hapo."

Akatazama miguu yake, halafu picha.

Hapo bwana mmoja mwenye glavu za rangi ya maziwa, aliyekuwa na mkewe, akamsogelea kwa heshima. "Samahani mzee, hawa ng'ombe ni wako?"

Baba akamgeukia. "Ng'ombe wangu wamekufa, bwana," akasema. "Aliyewachora ndiye wangu."

Akanishika nyuma ya shingo, mbele ya wote, kwa mkono ule mzito, kama anavyomshika maksai anayemwamini. Hakuuondoa mpaka yule bwana alipokwenda.

Tulipotoka nje tulikaa kwenye benchi tukala mkate wako na mafuta ya nguruwe na vitunguu. Nikamwambia maonyesho yakiisha nitaileta picha Sárhalom, ni yake. Akatafuna polepole.

"Haitaingia mlangoni," akasema.

"Tutabomoa mlango."

"Hapana. Waache wakae huku." Akafuta kisu kwenye suruali. "Huku sotoka haiwafikii."

Halafu akalia, dada, kwenye benchi, mchana kweupe, watu wanapita na miavuli yao. Na mimi nikalia. Alinipa kitunguu akasema, "Shika, waseme ni hiki."

Gedeon


Sárhalom, 20 Mei 1877

Mdogo wangu,

Marahaba, na umsalimie Bi Hermina, mwambie Baba bado anaizungumzia nyama yake mpaka mimi naona wivu. Mimi ni mzima. Ábris wa kinu alikuja kutengeneza paa la banda na akabaki kula. Hakulala, kwa hiyo sijui kama kweli anakoroma. Usiulize zaidi, nitakuandikia pakiwa na la kuandika.

Serikali imeruhusu malisho yetu yatumike tena tangu mwanzo wa mwezi. Alhamisi nikaamka nikakuta hayupo, na Ábris naye hayupo na gari lake. Wakarudi Ijumaa jioni wakitembea kwa miguu pembeni mwa gari, na nyuma yao mtamba mmoja wa kijivu, miguu mirefu, amekasirika, kamba inamvuta huku na yeye anavuta kule. Kutoka mnada wa Debrecen.

"Mmoja tu, Baba?"

"Nimeanza na mmoja. Unataka nianze na wangapi?"

Nikamwuliza jina lake. Akasema hana, yeye na mtamba hawajazoeana, jina halitolewi siku ya kwanza.

Asubuhi iliyofuata akamfungulia. Tulikwenda sote, na sijui kama utaweza kulifikiria hili kutoka huko uliko. Malisho hayajaguswa na mdomo wa mnyama tangu Oktoba. Majani yamekua kama hayajawahi kukua tangu babu afike, yananifika mabegani, yamechanganyika na maua ya njano na ya zambarau, na upepo ukipita yote yanalala na kuinuka, hadi mwisho wa macho. Tulisimama pembeni kama watu waliofika ukingoni mwa maji. Mtamba naye alisimama. Alinusa. Akatazama nyuma, akamtazama Baba, akaingia.

Baada ya muda mgongo wake haukuonekana tena, ila pembe zile mbili changa zikisogea polepole katikati ya majani, na sauti ya kung'oa na kutafuna. Baba aliegemea fimbo yake akisikiliza. Kisha akaniambia, na nimeahidi kuyaandika vile vile alivyoyasema:

"Mwambie aje kabla huyu hajayamaliza majani. Na alete rangi ya kijani, alete nyingi."

Rebeka